Methodi Hii ni ya Nani? Uchambuzi wa Aina za Methodi katika Klasi

Chukua programu ya chama cha kuweka na kukopa. Ndani yake kuna klasi iitwayo Akaunti, na klasi hiyo ina methodi tatu. Ya kwanza, toa, hupunguza salio la mwanachama aliyefika dirishani. Ya pili, fungua, hutengeneza akaunti mpya kutokana na fomu iliyojazwa. Ya tatu, nambaSahihi, hupokea namba ya akaunti na kujibu kama tarakimu zake zimekaa inavyotakiwa. Zote zimeandikwa ndani ya mabano yaleyale ya klasi, na anayesoma upesi ataziona za namna moja. Sivyo. Methodi ya toa haina maana mpaka ijulikane ni akaunti ya nani inayotolewa fedha. Methodi ya fungua huitwa wakati akaunti yenyewe bado haijakuwapo. Na nambaSahihi haihitaji akaunti yoyote; kazi yake ni kutazama tarakimu tu.

Vitabu vingi vya kufundishia hupanga aina za methodi kama orodha ya kukariri: methodi ya objekti, methodi ya klasi, methodi statiki, konstrakta, methodi dhahania, na kuendelea. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, kisha akifika kazini huandika neno "static" pale tu kompaila inapomgomea. Hilo ni hasara kubwa, kwa sababu orodha yote hiyo inatokana na maswali mawili ambayo mtu anaweza kuyabeba kichwani maisha yake yote. Kwanza, methodi inahitaji kujua nini ili itimize kazi yake? Pili, ni nani anayechagua msimbo utakaotekelezwa, na anachagua lini? Aina ya methodi ni jibu la maswali hayo, na jibu hilo ni ahadi kwa kila atakayeusoma msimbo baadaye: methodi hii inagusa haya, na yale haiyagusi.

Swali la kwanza lilizaliwa Oslo. Katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakitafuta namna ya kuiga kwenye kompyuta shughuli zenye foleni na kusubiriana. Lugha yao, Simula 67, ndiyo iliyotupa klasi, objekti na urithi kwa sura tunayoitambua leo. Mwaka 2001 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Turing kwa kazi hiyo. Walikusanya pamoja data za kitu kimoja na taratibu zinazozihudumia data hizo. Utaratibu ulioandikwa ndani ya klasi uliziona sifa za objekti yake bila kupewa. Hiyo ndiyo methodi ya objekti, na ndiyo msingi wa nyingine zote.

Kinachofanyika ndani hakina miujiza. Kompaila ya kwanza ya C++, iliyoitwa Cfront, iligeuza msimbo wa C++ kuwa msimbo wa C, lugha isiyo na klasi kabisa. Methodi ya toa yenye parameta moja ya kiasi iligeuka kuwa funksheni ya kawaida yenye parameta mbili: kiasi, na pointa ya objekti inayohusika. Java na C++ huificha parameta hiyo na kuiita "this". Python ya Guido van Rossum huiacha wazi, ndiyo maana kila methodi ya objekti huanza na "self". Wanaoanza kujifunza Python huliona neno hilo kama usumbufu. Mimi naona ni uaminifu mkubwa: unapoandika methodi yenye "self" na mwisho wa kazi ukagundua kuwa hukuitumia hata mara moja, lugha yenyewe inakuonyesha kuwa pengine methodi hiyo haikupaswa kuwa ya objekti.

Iweje basi kwa methodi kama fungua, inayofanya kazi kabla ya objekti? Hapa lugha zilitawanyika, na mtawanyiko huo ndio sehemu tamu ya uchambuzi huu.

Kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao waliijenga Smalltalk kwa msimamo mmoja: kila kitu ni objekti. Kama ni kila kitu, basi na klasi yenyewe ni objekti, na inaweza kupokea ujumbe. Katika Smalltalk-76 klasi zote zilikuwa za aina moja, hivyo zilijibu ujumbe kwa namna moja. Smalltalk-80 ilikwenda mbele: kila klasi ilipewa klasi yake ya juu, ili iweze kuwa na methodi zake za pekee, hasa za kuunda objekti mpya. Matokeo yake ni kwamba methodi ya klasi katika Smalltalk haina tofauti ya kimsingi na methodi ya objekti. Inarithiwa, inaweza kuandikwa upya na klasi tanzu, na inajua imeitwa kupitia klasi ipi. Ruby ya Yukihiro Matsumoto inafuata njia hiyo.

C++ ilishika njia nyingine. Bjarne Stroustrup, aliyeanza kazi yake Bell Labs mwaka 1979, hakutaka klasi iwe objekti wakati programu inakwenda, kwani lugha yake ilipaswa kushindana na C kwa kasi na kwa kumbukumbu. Kwa muda fulani C++ haikuwa hata na methodi statiki. Waandishi waliotaka kuita funksheni iliyo ndani ya klasi bila objekti walilazimika kuiita kupitia pointa ya sifuri, wakiidanganya kompaila kwamba pale pana objekti. Toleo la 2.0 la mwaka 1989 liliwaondolea adha hiyo kwa neno "static". Java ilipotoka mwaka 1995 ililichukua neno hilo, na kwa kuwa programu ya Java kwa miaka mingi ilianza kwa methodi ya main ambayo lazima iwe statiki, mamilioni ya wanafunzi wameandika neno hilo siku yao ya kwanza bila kuelezwa kazi yake.

Methodi statiki ni funksheni ya kawaida inayokaa ndani ya jina la klasi. Haipokei objekti wala haipokei klasi. Klasi tanzu ikiandika methodi statiki yenye jina lilelile, haibadilishi ile ya mama bali inaifunika; itakayotekelezwa huchaguliwa na kompaila kwa kutazama aina iliyotangazwa kwenye msimbo. Katika Java unaweza hata kuita methodi statiki kupitia jina la kigeu ambacho hakina objekti ndani yake, kikiwa "null", na programu isianguke. Kompaila ilitazama aina tu, haikumtazama mtu aliyekuwa nyuma ya jina.

Python ikatoa zote mbili, na ndiyo maana inafaa kufundishia. Toleo la 2.2 la mwaka 2001 lilileta methodi ya klasi na methodi statiki kwa pamoja. Mwaka 2004, toleo la 2.4 likaruhusu kuzitia alama kwa @ juu ya methodi badala ya mstari wa nyongeza chini yake. Methodi ya klasi hupokea klasi yenyewe kama parameta ya kwanza, kwa desturi ikiitwa "cls".

Wengi huona tofauti kati ya hizo mbili kuwa ndogo mno. Turudi kwenye chama chetu tuipime. Tuseme methodi ya fungua imeandikwa kuwa statiki, na ndani yake kuna amri ya kuunda Akaunti kwa jina. Baadaye chama kinaanzisha akaunti za watoto: klasi AkauntiYaMtoto inarithi kutoka Akaunti na kuongeza sharti kwamba fedha hazitolewi bila idhini ya mlezi. Mtu anaita fungua kupitia AkauntiYaMtoto. Msimbo unakubali, hakuna onyo lolote, na kinachozaliwa ni Akaunti ya kawaida, isiyo na sharti la mlezi. Kama fungua ingekuwa methodi ya klasi, ingepokea AkauntiYaMtoto kupitia "cls", na akaunti sahihi ingefunguka bila mtu kuongeza mstari hata mmoja. Maktaba ya msingi ya Python inafanya hivyohivyo: methodi ya fromkeys ya kamusi za Python, ikiitwa kupitia OrderedDict ambayo ni tanzu yake, hurudisha OrderedDict.

Kwa hiyo fungua inahitaji kujua klasi, na nambaSahihi haihitaji kujua chochote. Methodi statiki ni sahihi kwa kazi ya namna ya pili: jibu linategemea parameta pekee, leo na kesho. Kutafuta kipeuo cha pili cha namba kwa Math.sqrt ni mfano ulio safi kabisa. Hatari inaanza pale methodi statiki inapochota taarifa kutoka nje bila kutangaza, kama saa ya mashine, faili la mipangilio, au kigeu kinachoshirikiwa na programu nzima. Methodi statiki inayokokotoa riba kwa kuiuliza mashine tarehe ya leo haiwezi kujaribiwa kwa tarehe ya mwisho wa mwaka mpaka mwisho wa mwaka ufike. Waliounda maktaba ya tarehe iliyoingia katika Java 8 mwaka 2014 walilijua hilo: methodi ya LocalDate.now ina sura nyingine inayopokea saa kama parameta, ili anayejaribu programu aweke saa yake mwenyewe. Ninapokagua msimbo, methodi statiki yenye tegemezi la siri ndiyo naitafuta kabla ya makosa mengine yote, kwa sababu imevunja ahadi iliyo kwenye paji la uso wake.

Konstrakta nayo imekaa katikati. Inaitwa kupitia klasi, lakini ndani yake tayari kuna objekti isiyokamilika. Ina udhaifu wa kukosa jina lake yenyewe, kwani katika lugha nyingi hubeba jina la klasi. Joshua Bloch, katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, alianza ushauri wake wote na jambo hili: fikiria kutumia methodi statiki ya kuundia badala ya konstrakta. Java ilikuwa na konstrakta ya BigInteger yenye parameta tatu iliyorudisha namba ambayo huenda ikawa tasa, na hakuna aliyeweza kulibaini hilo kwa kuisoma. Methodi ya probablePrime inajieleza. Tena konstrakta hulazimika kuzaa objekti mpya kila mara, ilhali Integer.valueOf hurudisha objekti zilizokwisha kutengenezwa kwa namba kuanzia -128 hadi 127.

Udhaifu mwingine wa konstrakta ni mkubwa zaidi na huuma kimyakimya. Konstrakta ya klasi mama ikiita methodi ambayo klasi tanzu imeiandika upya, nini kitatokea? Katika Java hutekelezwa ile ya klasi tanzu, ingawa sifa za klasi tanzu bado hazijawekewa kitu. Orodha ya miamala unayotarajia kuiandikia ni "null", na programu inaanguka mahali pasipo na kosa la kuonekana. Katika C++ hutekelezwa ile ya klasi mama, kwa kuwa konstrakta ya mama inapoendelea objekti huhesabiwa kuwa ya mama tu. Sheria ya C++ naiona salama zaidi, lakini busara ni moja kwa lugha zote mbili: ndani ya konstrakta usiite methodi inayoweza kuandikwa upya.

Hapo tumeshaingia kwenye swali la pili, la nani anachagua msimbo na lini.

Simula 67 tayari ilikuwa na taratibu ambazo klasi tanzu iliweza kuziandika upya. Stroustrup aliziingiza katika C++ mwaka 1983, kwa sharti kwamba mwandishi aandike neno "virtual" kwanza. Sababu ilikuwa gharama. Objekti yenye methodi za aina hiyo kwa kawaida hubeba pointa ya jedwali la klasi yake, na kila mwito hupitia kwenye jedwali hilo kutafuta anwani ya msimbo sahihi. Gharama ni ndogo, lakini msimamo wake ulikuwa kwamba asiyetumia kitu asikilipie. Java iligeuza mambo: methodi ya objekti inaweza kuandikwa upya isipokuwa umeifunga kwa "final" au umeifanya ya ndani kwa "private". C# ya Anders Hejlsberg ilirudi upande wa C++, lakini kwa sababu nzito zaidi ya ile ya kasi. Klasi mama ikitoka kwenye maktaba ya watu wengine, na toleo lake jipya likaongeza methodi yenye jina ambalo klasi yako tanzu ilishalitumia, katika Java ya mwanzo methodi yako ingegeuka kuwa badala ya ile ya mama bila wewe kujua. C# inadai useme wazi kwa neno "override" kwamba unakusudia kuandika upya. Java ilikuja kuongeza alama ya hiari ya @Override mwaka 2004, na C++ ikaongeza neno kama hilo mwaka 2011. Lugha zote tatu zimekutana hapo, nami nasimama na C# bila kusita: kuandika upya methodi ya mwingine ni tendo zito, na linastahili kutamkwa.

Methodi dhahania ni hatua ya mbali kabisa ya wazo hilo. Klasi mama inatangaza jina na parameta, inaacha mwili wazi, na kuzilazimisha klasi tanzu kuujaza. Katika chama chetu, methodi ya kokotoaRiba inafaa kuwa dhahania, kwa sababu hakuna riba ya "akaunti kwa ujumla". Kuna ya akiba, ya mtoto, ya muda maalumu. Interfesi za Java zilikuwa na methodi za namna hii pekee mpaka mwaka 2014. Java 8 ilipotaka kuongeza methodi ya stream kwenye interfesi ya Collection, kila klasi duniani iliyotekeleza interfesi hiyo ingevunjika kwa kukosa methodi mpya. Ndipo zikaja methodi zenye mwili wa kuanzia ndani ya interfesi. Aina hiyo nzima ya methodi ilizaliwa kwa ajili ya kulinda msimbo wa watu uliokwisha kuandikwa.

Lakini ruhusa ya kuandika upya si ruhusa ya kugeuka. Barbara Liskov alieleza mwaka 1987 sharti ambalo leo linabeba jina lake: popote panapotarajiwa objekti ya klasi mama, ya klasi tanzu iweze kuwekwa bila programu kuharibika. Akaunti ya muda maalumu hairuhusu kutoa fedha kabla ya siku yake. Ikiwa itarithi kutoka Akaunti na kuiandika upya toa ili ikatae, kila msimbo ulioamini kuwa akaunti yenye salio hutoa fedha umedanganywa. Kompaila haitaliona kosa hilo kamwe. Dawa ni kuitoa methodi ya toa kwenye klasi mama na kuiweka kwenye tawi la akaunti zinazotoa.

Kuna aina moja ya methodi ambayo imeenea kuliko inavyostahili: methodi za kusoma na kuweka sifa moja moja, zile zinazoanza na "get" na "set". Kanuni za JavaBeans za miaka ya 1990 zilizifanya desturi, kwa kuwa zana za kuchora programu zilihitaji kuzitambua sifa kwa majina. Leo programu za kuandikia huzizalisha kwa kubofya mara moja, na vijana wengi wanaamini kuwa klasi yenye sifa za siri na "set" kwa kila sifa ni klasi iliyolindwa. Methodi ya kuweka salio kwenye Akaunti inafuta kila ulinzi uliowekwa na toa. Mtu akishaweza kuandika salio atakalo, sharti la kutovuka salio halipo tena. Bertrand Meyer, muundaji wa lugha ya Eiffel, alisisitiza mpaka ulio na manufaa zaidi: methodi ama iulize na kujibu bila kubadilisha kitu, ama ibadilishe hali ya objekti bila kurudisha jibu. Sifikirii kwamba kanuni hiyo inafuatika kila mahali, lakini anayeanza nayo huandika "salio" kama swali na "toa" kama amri, na "wekaSalio" haimjii akilini.

Lugha mpya zaidi zinaendelea kuvuta mipaka. Kotlin iliondoa neno "static" na kuweka objekti mwenza ndani ya klasi, objekti halisi inayoweza hata kutekeleza interfesi. Ni mwangwi wa Smalltalk ndani ya mashine ya Java. C# 3.0 ya mwaka 2007 iliruhusu kuandika methodi statiki katika klasi nyingine na kuiita kana kwamba ni ya objekti.

Swali gumu kuliko yote, hata hivyo, halijaisha, na chama chetu kinalo. Methodi ya hamisha, inayotoa fedha akaunti moja na kuzitia nyingine, ni ya nani? Ukiiweka kwa mtoaji, inaingilia mambo ya mpokeaji. Ukiifanya statiki, imepoteza uwezo wa klasi tanzu kuwa na taratibu zake. Mfumo wa objekti wa Common Lisp ulilijibu kwa kuitoa methodi mikononi mwa klasi kabisa: methodi ni ya funksheni ya jumla, na uchaguzi wa msimbo hutazama aina za parameta zote, ya mtoaji na ya mpokeaji kwa pamoja. Java, C++ na Python hazina hilo, hivyo mwandishi lazima aamue.

Mimi ningeunda klasi ya tatu, Muamala, yenye mtoaji, mpokeaji, kiasi na tarehe, na methodi ya objekti iitwayo tekeleza. Sababu inaonekana pale maombi mawili yanapokutana kwa wakati mmoja, moja likihamisha kutoka A kwenda B, jingine kutoka B kwenda A. Kama hamisha ni ya mtoaji, kila ombi linaifunga akaunti yake kwanza na kuingoja ya mwenzake, na yote mawili yanangojana bila mwisho. Muamala unazijua akaunti zote mbili kabla ya kugusa hata moja, hivyo unaweza kuzifunga kwa mpangilio wa namba zao, ndogo kwanza, bila kujali nani anatoa na nani anapokea.